Nauziwa Cessna ya mwaka 1978 kabla sijajua kurusha ndege: niinunue nijifunzie humo?

SWALI

"Habari za kazi, mtaalamu. Nina miaka 43, naishi Dodoma mjini, nina shamba la alizeti Singida na watoto wawili wanasoma Arusha. Tangu utotoni natamani kurusha ndege, na sasa Mungu amenijalia uwezo kidogo. Kuna mtu huko pwani ananiuzia Cessna 172 ya mwaka 1978. Anasema injini imefanya saa 600 tu tangu ovahoo (kufumuliwa na kuundwa upya), na ndege imepumzika hangani miaka minne, kwa hiyo bado mbichi. Ushauri wake ni niichukue sasa nijifunzie humo humo, nisipoteze hela kukodi ndege ya chuo. Ninavaa miwani na ninakunywa dawa ya presha kila siku. Mke wangu hataki kusikia: anasema ndege ya injini moja ikizimika inaanguka kama jiwe. Mwenyewe nilishawaza hata kutua kwenye barabara ya shambani. Naomba unishauri mapema, maana bei ni nzuri na kuna mteja mwingine."

JIBU

Ndugu yangu, nianze na hilo linalokukimbiza: usilipe, wala usiache hata amana. Cessna 172 ni ndege nzuri, na hakuna aina nyingine ya ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko hiyo. Ninachokishuku ni zile sifa mbili anazokutajia muuzaji. Saa chache na mapumziko ya miaka minne vinasikika kama faida kwa mtu aliyezoea magari. Kwenye injini ya ndege, vikikutana ni dalili ya ugonjwa, na nitakueleza kwa nini. Lakini kabla ya ndege kukaguliwa, akaguliwe rubani.

Anza na daktari, hata kabla ya kuulizia ada ya chuo. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), ambavyo Tanzania inavifuata, rubani binafsi anahitaji cheti cha afya cha daraja la 2. Anayekitoa ni daktari wa anga aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania (TCAA). Daktari wako wa kawaida hawezi. Miwani haikuzuii. Kila jicho, likiwa na miwani, linatakiwa lifikie 6/12, yaani lisome kwa mita 6 kile ambacho jicho zima linakisoma kwa mita 12, na macho yote mawili pamoja yafikie 6/9. Utatakiwa tu kuruka ukiwa na miwani ya pili ya akiba mahali unapoweza kuifikia kwa mkono.

Presha ndiyo inayohitaji maandalizi. Daktari wa anga haangalii namba ya presha peke yake, anaangalia pia dawa inayoishusha. Unapokata kona kali angani, damu inavutwa kuelekea miguuni, na mwili huijibu hali hiyo kwa kubana mishipa na kuongeza mapigo ya moyo. Baadhi ya dawa za presha huufunga mwili usijibu haraka, nyingine huleta usingizi au kizunguzungu ukisimama ghafla. Nyingine hazina shida hiyo na zinakubalika. Kwa hiyo nenda na boksi lenyewe la dawa, vipimo vya presha vya miezi kadhaa ulivyoandika kwa tarehe, na barua ya daktari anayekutibu. Kwa umri wako tarajia pia kipimo cha umeme wa moyo, ECG. Usiache dawa wiki moja kabla ili upime "ukiwa msafi", na usifiche kwamba unaitumia: cheti kilichopatikana kwa kuficha ugonjwa ni sawa na kutokuwa nacho, na kampuni ya bima ina haki ya kukataa kulipa siku ikigundua. Kingine cha kujua ni kwamba kwa viwango hivyo hivyo cheti hiki hudumu miezi 60 kwa kijana, lakini ukishavuka miaka 40 ni miezi 24.

Shemeji ana haki ya kuogopa, ila anachokiogopa sicho chenye hatari. Ndege inabebwa na hewa inayopita juu na chini ya mabawa. Kazi ya injini ni kuipa kasi. Injini ikizimika, rubani anashusha pua kidogo, na uzito wa ndege wenyewe unakuwa ndio injini: inateleza kwenda mbele huku ikishuka taratibu, kama baiskeli inayoshuka mteremko bila kukanyagwa. Cessna 172 ya miaka hiyo huteleza vizuri ikiwa na kasi ya noti 65 (maili za baharini kwa saa), na kila futi 1,000 za kimo huipa kama maili 1.5 za baharini. Ukiwa futi 3,000 juu ya ardhi una kilomita 8 hivi na dakika zipatazo 4 za kuchagua shamba, kujaribu kuwasha tena, kutoa taarifa redioni na kutua. Uwanda wa kati, kiangazi, mazao yakishavunwa, una sehemu nyingi za kutua kwa dharura kuliko mahali kwenye misitu na milima.

Mwambie pia upande wa pili, maana hastahili kudanganywa. Urubani wa binafsi hauna usalama wa ndege za abiria za ratiba. Hatari yake iko karibu zaidi na ya kuendesha pikipiki, na sehemu kubwa ya hatari hiyo iko mikononi mwa rubani mwenyewe: kuishiwa mafuta, kuzidisha mzigo, kuingia mawinguni bila mafunzo, na kuvuta pua juu wakati kasi imeshuka. Hili la mwisho linahitaji maelezo. Bawa likiinamishwa kupita takriban nyuzi 15 au 16 dhidi ya hewa inayolikabili, hewa haifuati tena mgongo wake, na bawa linaacha kubeba. Injini ikiwa inanguruma au imezima, matokeo ni yale yale. Ndiyo maana rubani aliyezimikiwa na injini futi 300 baada ya kuruka anafundishwa kutua mbele yake, kushoto kidogo au kulia kidogo. Anayejaribu kugeuka arudi kiwanjani anakata kona huku anavuta pua, bawa moja linaacha kubeba kabla ya jingine, na hapo ndipo ndege kweli huanguka. Mawingu nayo yanaua kwa njia ya sikio: maji ya sikio la ndani yanayotuambia upande wa juu huzoea kona ya polepole na kuanza kukuambia umenyooka. Asiyefundishwa kuruka kwa vyombo tu, akipoteza upeo wa macho, huamini sikio na kuingia kwenye kona inayozidi kukaza bila kujua.

Kuhusu kujifunza. Kiwango cha chini cha ICAO kwa leseni ya rubani binafsi ni umri wa miaka 17 na saa 40 za kuruka, au 35 ukiwa ndani ya kozi iliyoidhinishwa. Ndani yake ziwepo saa 10 za kuruka peke yako, na kati ya hizo 5 ziwe za safari, zikiwemo safari moja isiyopungua kilomita 270 yenye kutua kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Kuna mitihani ya nadharia: sheria za anga, hali ya hewa, uongozaji wa safari, utendaji wa ndege, mwili wa binadamu, mawasiliano na mengineyo. Kiingereza cha redio nacho kinapimwa, kuanzia daraja la 4. Ila saa 40 ni za kisheria. Mtu mzima mwenye kazi na familia kwa kawaida humaliza kati ya saa 55 na 70, kwa hiyo bei ya chuo ya saa moja izidishe kwa 60 kabla ya kuamua kama unaimudu.

Kinachoongeza saa ni mapengo. Anayeruka mara tatu kwa wiki anaendelea pale alipoishia. Anayeruka mara moja kwa mwezi hutumia nusu ya kila somo kukumbuka lililopita. Kwa mtu wa Dodoma nakushauri utenge wiki nane hadi kumi mfululizo, baada ya mavuno, uende mahali penye chuo chenye ndege zaidi ya moja na fundi wake. Wengi wa ukanda wetu huenda Wilson, Nairobi. Kiwanja hicho kiko zaidi ya futi 5,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa mtu atakayerukia Dodoma hilo ni jambo jema, kwani utazoea hewa nyepesi tangu somo la kwanza. Ukisomea nje, waulize TCAA kwa maandishi kabla hujalipa: leseni hiyo itatambuliwaje hapa, na kwa mitihani gani ya nyongeza?

Kwa nini usijifunzie kwenye ndege yako? Mwanafunzi hutua vibaya mara nyingi, ndivyo anavyojifunza. Kosa la kawaida ni kugusa kwa gurudumu la pua kwanza, ndege inadunda, anasukuma pua chini, inadunda tena. Kwenye Cessna 172 kipigo hicho kinapanda hadi kwenye ukuta wa bati ulioko nyuma ya injini na kuukunja. Ndege ya chuo ina bima inayomkubali mwanafunzi na ina fundi jirani. Ya kwako itakaa chini miezi ikisubiri bati na mtu wa kulifunga, na masomo yako yatakaa nayo. Zaidi ya hapo, hujui bado utakuwa rubani wa namna gani. Ukishafikisha saa 100 utajua kama unahitaji viti vinne au viwili, kasi au nguvu ya kupanda. Leo unachagua ndege kwa kuwa imetangulia kufika mbele yako.

Sasa tuje Dodoma yenyewe, maana ushauri mwingi unaousoma umeandikwa na watu wanaoruka usawa wa bahari kwenye baridi. Kiwanja cha Dodoma kiko takriban futi 3,670 juu, karibu mita 1,120, na kile kipya cha Msalato kiko kwenye uwanda huo huo. Hewa ya kimo hicho tayari ni nyepesi, na joto linaipanua zaidi. Ndege haijali namba iliyoandikwa kwenye ramani. Inajali hewa ina uzito gani. Hesabu yake ni rahisi na inafaa uijue kichwani. Kwenye futi 3,670, joto la kawaida la vitabuni ni nyuzi 8 hivi. Kila nyuzi moja inayozidi hapo, ongeza futi 120. Mchana wa Oktoba, joto likiwa nyuzi 30, zimezidi nyuzi 22, sawa na futi 2,640. Jumlisha na kimo cha kiwanja: ndege inajiona iko futi 6,300. Asubuhi ile ile ikiwa nyuzi 18, inajiona iko futi 4,900 hivi. Ni kiwanja kile kile na ndege ile ile, tofauti ni saa ya kuruka tu.

Injini isiyo na tabo, yaani pampu ya kuisukumia hewa, inavuta hewa hiyo hiyo nyepesi. Kwenye futi 6,300 za hesabu yetu inapoteza kama asilimia 20 ya nguvu zake, kwa hiyo nguvu za farasi 160 za Cessna unayouziwa zinabaki kama 128. Propela nayo inashika hewa nyepesi, na mabawa yanadai kasi kubwa zaidi ardhini kabla ya kubeba. Umbali wa kukimbia kabla ya kupaa unafikia mara moja na nusu ya ule wa usawa wa bahari, au zaidi. Kupanda kunashuka kutoka futi 770 kwa dakika za kitabuni hadi karibu 500, na hapo ni injini nzima, propela safi na rubani mzoefu. Njia ya kurukia ya Dodoma ni ndefu, hivyo mbio zenyewe hazitakutisha. Utakachokiona ni vilima mbele yako na ndege isiyotaka kupanda.

Mzigo ndio unaoweza kuuamua wewe. Cessna 172 ya 1978 inaruhusiwa uzito wa juu wa kilo 1,043. Tupu, ikiwa na redio zake, huwa na kama kilo 660. Namba halisi iko kwenye karatasi ya uzito ya ndege husika, na hiyo ndiyo utumie. Matangi ya kawaida yana lita 151 zinazotumika, na lita moja ya avgas, petroli ya ndege, ina uzito wa kilo 0.72, kwa hiyo mafuta peke yake ni kilo 109. Umebakiwa na kilo 274: watu wazima watatu wa kilo 80, na kilo 34 za mizigo. Viti vinne havimaanishi watu wanne. Kwa mchana wa Dodoma ningeishia watu wawili na mizigo midogo, au ningeondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi.

Kuna mitego miwili ya hewa nyepesi ambayo mtu aliyejifunzia Dar es Salaam, chini ya futi 200, huingia bila kuiona. Wa kwanza ni kule kutua. Kipima kasi kinasoma ile ile uliyofundishwa, lakini kasi ya kweli juu ya ardhi imezidi kwa asilimia 10 hivi. Macho yanakuambia unaenda mbio mno, mkono unapunguza kasi, na unajikuta karibu na ile hali ya bawa kuacha kubeba. Amini kipima kasi. Wa pili ni ule mpini mwekundu wa kurekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa. Wanafunzi wa pwani huruka ukiwa umesukumwa wote mbele. Kitabu cha Cessna 172 kinasema kwamba kwenye viwanja vilivyo juu ya futi 3,000, kabla ya kuruka upunguze mafuta kwenye mchanganyiko hadi injini ifikie mizunguko ya juu kabisa ndege ikiwa imesimama na nguvu zote. Dodoma imevuka mstari huo. Ukisahau, injini inakula mafuta mengi kuliko hewa, plagi zinashika masizi, na unaongeza upungufu wako juu ya ule wa asili. Punguza mafuta hata unapotembea na ndege ardhini.

Vumbi letu nalo lina adabu zake. Kile kitasa cha kupasha joto kabureta kinavuta hewa ambayo haijapita kwenye filta. Kijaribu mara moja kabla ya kuruka, mahali pasipo na mchanga, kisha kifunge. Ukikiacha wazi ardhini unailisha injini mchanga, na ringi za pistoni zitakuambia baadaye kwa kula oili. Nyigu wa udongo hujenga ndani ya mrija wa kipima kasi na kwenye matundu ya kupumulia matangi, na siku mbili tu zinamtosha. Funika, na kagua kila mara. Kiangazi, upepo wa kusini mashariki huzidi nguvu kadiri jua linavyopanda na visulisuli huanza kutembea; ukiona kimoja kinaelekea njia ya kurukia, subiri kipite. Masika yetu, Desemba hadi Aprili, radi hujengeka alasiri. Kwa hiyo mwaka mzima, rubani binafsi wa Dodoma ni mtu wa asubuhi.

Nimekuahidi habari ya injini. Cessna 172 za 1977 hadi 1980, aina ya 172N, zilitoka kiwandani na injini ya Lycoming O-320-H2AD. Kwenye Lycoming kamshafti, ule mhimili wenye nundu unaofungua valvu, iko juu ndani ya injini, si chini kwenye oili. Injini ikizimwa, oili inashuka taratibu kutoka kwenye kamshafti, na baada ya wiki kadhaa chuma kinabaki uchi. Hewa ya pwani yenye chumvi na unyevu inaingia, kutu ndogo ndogo zinaota kwenye nundu za kamshafti na nyuso za tapeti, vile vipande vinavyosukumwa na nundu hizo. Siku inapowashwa, kutu hiyo inakuwa msasa. Nundu zinaanza kumomonyoka, vipande vya chuma vinasafiri kwenye oili hadi kwenye beringi, na valvu hazifunguki kwa kimo kamili. H2AD ndiyo yenye sifa mbaya zaidi kwa ugonjwa huu kati ya ndugu zake, hadi ikalazimika kutumia kiongeza maalumu cha oili, LW-16702, au oili iliyokwisha changanywa nacho. Kuiwasha ardhini kila mwezi, ambako muuzaji anaweza kukutajia kama utunzaji, kunazidisha: injini inazalisha maji ya mwako lakini oili haifikii joto la kuyakausha. Dawa ni kuruka angalau saa moja mfululizo oili ikiwa karibu na nyuzi 80. Halafu kuna umri. Mtengenezaji anapendekeza ovahoo kila saa 2,000 au kila miaka 12, kinachotangulia. Saa 600 alizokutajia hazikuambii lolote bila tarehe.

Sipingi kumiliki. Napinga kumiliki bila hesabu. Gharama ziko mbili: zile za kukaa, na zile za kuruka. Za kukaa ni hanga (jua la Dodoma huchoma vioo vya plastiki, mipira na rangi, hivyo kuiacha nje ni kuiuza polepole), bima, ukaguzi wa mwaka, cheti cha ubora wa kuruka na leseni ya redio. Utazilipa hata usiporuka. Za kuruka ni mafuta, lita 32 hadi 35 kwa saa, oili na filta kila saa 50, ukaguzi wa saa 100, magneto, matairi, na akiba ya ovahoo. Ovahoo ya injini hiyo ni dola 30,000 au zaidi. Gawanya kwa saa 2,000, uweke pembeni dola 15 kila saa unayoruka, na uziweke kweli. Kazi hizi husainiwa na mhandisi wa ndege mwenye leseni, fundi wa magari hawezi hata awe hodari. Ikibidi kuipeleka Arusha kwa ukaguzi, ni kilomita 326 kwa mstari ulionyooka, karibu saa moja na dakika arobaini kwenda na vivyo hivyo kurudi, na hiyo ni zaidi ya lita 100. Avgas nayo haipatikani kila kiwanja. Mafuta ya Jet A-1, ya ndege za jeti, ndiyo yaliyoenea, na hayo yakiingia kwenye injini yako yanaipasua. Avgas ya 100LL ni ya buluu. Simama mwenyewe wakati wa kujaza, na chota sampuli kila tangi uione rangi na maji.

Kwa uzoefu wa wanaomiliki, chini ya saa 100 kwa mwaka kukodi huwa nafuu. Watu watatu au wanne wakimiliki ndege moja hesabu hubadilika, na injini inapata kuruka kila wiki, ambalo ndilo tiba yake. Ila mkataba uandikwe na wakili kabla ya kununua, useme nani analipa nini, nani anairusha lini na mtu anatokaje. Na ukumbuke kwamba leseni ya binafsi haikuruhusu kubeba abiria kwa malipo, hivyo ile hoja kwamba "itajilipa yenyewe" iondoe. Kama lengo ni usafiri tu, Singida ni kilomita 186 angani, safari ya saa moja, lakini ongeza ukaguzi, mafuta, mpango wa safari na kusubiri hali ya hewa, na gari litakuwa halijachelewa sana. Kwenda Dar es Salaam, tangu 2024 una treni ya umeme isiyojali radi. Nunua ndege kwa sababu unataka kuruka.

Barabara ya shamba iache kabisa. Kiwanja binafsi kinahitaji kibali cha TCAA, na wana sababu. Udongo wa mbuga kiangazi hupasuka nyufa zinazomeza gurudumu la pua, na mvua moja huugeuza gundi. Ng'ombe hawatazami juu, waya za umeme hazionekani hadi uwe umechelewa, na ile hesabu ya futi 6,300 inakusubiri wakati wa kuondoka, bila lami na bila urefu wa Dodoma.

Kwa muuzaji, mwombe picha za kila ukurasa wa vitabu vya kumbukumbu vya ndege, injini na propela, kuanzia ovahoo ya mwisho, pamoja na orodha ya maelekezo ya lazima ya usalama yaliyotekelezwa. Tafuta humo tarehe ya ovahoo, ajali, propela iliyogonga ardhi, na reli za viti: viti vya Cessna vikichakaa vimewahi kuteleza nyuma wakati wa kupaa na rubani akivuta usukani navyo. Karatasi zikisomeka vizuri, mlipe mhandisi wako mwenyewe, asiyemhudumia muuzaji, aende huko. Akate filta ya oili atafute chuma. Apime mgandamizo wa silinda. Silinda ikishikilia chini ya 60 kati ya 80 za shinikizo la hewa iliyoingizwa, au tofauti kubwa kati ya silinda ni onyo, ila mgandamizo mzuri hausemi chochote kuhusu kamshafti, kwa hiyo aitazame kwa macho hata ikibidi kung'oa silinda moja. Aingize kamera ndani ya mabawa na mkia kutafuta kutu ya chumvi, akague ule ukuta wa nyuma ya injini. Muuzaji akikataa silinda isiguswe, achana naye. Akikubali na kila kitu kikaonekana safi, na wewe ukiwa umeshapata leseni, bado mpe bei ya ndege inayohitaji ovahoo, maana kwa miaka minne ya pwani uwezekano wa kuifungua injini hiyo mapema ni mkubwa, na dola 30,000 hizo zitatoka mfukoni mwako.